Wapangaji na wenye nyumba: kisa cha chama tawala katika kata moja ya Dar es Salaam, 2014

## Kabla ya kuanza

Kisa hiki nimekitumia mara nyingi kwenye mafunzo ya viongozi, na kila mara kuna mtu ananyoosha mkono kuuliza, "Hii ni kata gani?" Sitaitaja, na wahusika nawaita kwa kazi zao. Mitaa nimeipa herufi, idadi za ndani nimezisogeza kidogo ili mtu asitambulike kwa hesabu. Yale ya kitaifa, yaani tarehe za uchaguzi na matokeo yaliyotangazwa, yamebaki kama yalivyo.

Mimi nilikuwa mwezeshaji. Nilipigiwa simu na mtu wa chama tawala, CCM, wa wilayani mwezi Machi 2014: "Kaka, kata ile inatuponyoka, nenda kawasaidie." Nilipouliza bajeti alicheka, akasema nauli ipo.

## Usuli

Kata yenyewe ni uswahilini hasa. Kariakoo ni dakika 20 kwa daladala siku isiyo na foleni, na siku hiyo haipo. Nyumba nyingi ni za korido moja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bomba uani, na mita moja ya luku ambayo kila jioni inazua maneno: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajachangia tangu Jumapili. Mwenye nyumba mara nyingi anakaa humo humo, vyumba viwili vya mbele. Waliobaki wote ni wapangaji.

Chumba kilikuwa shilingi 30,000 hivi kwa mwezi, lakini hakuna aliyelipa kwa mwezi. Kodi ilidaiwa ya mwaka mzima, ukibahatika ya miezi 6. Fundi cherehani anayeishi kwa pesa ya siku alitakiwa kutoa 360,000 kwa mkupuo, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Mwaka ukiisha wengine walikopa kwenye kikoba, wengine walihama. Ndiyo maana mtaa ule kila Januari na kila Julai ulijaa mikokoteni yenye vitanda, magodoro na makabati ya vyombo yaliyofungwa kamba.

Chama kilikuwa kimeshika mitaa yote 5 ya kata tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi nchini mwaka 1992. Mizizi yake ni ya ujamaa, na wazee wa pale walipenda kukukumbusha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa kwenye kikao cha chama kule Zanzibar mwaka 1991. Kwenye kamati ya kata niliyoikuta walikuwa watu 11, na 8 kati yao walikuwa na nyumba za kupangisha. Hili sikulitafuta. Lilijitokeza lenyewe siku ya tatu, wajumbe walipoanza kutajana: "mpangaji wangu", "yule mpangaji wa Katibu Mwenezi".

Upepo wa juu nao haukuwa mzuri. Rais aliyechaguliwa mwaka 2005 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura alirudi mwaka 2010 na asilimia sitini na kitu. Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa limeanza Dodoma. Mwezi Aprili wajumbe wa upinzani wakatoka nje, wakajiita UKAWA (Umoja wa Katiba ya Wananchi), na mwezi Oktoba vyama vyao vikatia saini pale viwanja vya Jangwani kuachiana wagombea, kila mahali asimame mmoja. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipangwa Desemba 14.

## Yaliyotokea

### Kikao cha kwanza

Ofisi ya kata ilikuwa chumba kimoja chenye bendera iliyopauka na benchi mbili. Mwenyekiti wa chama wa kata alifungua kikao kwa kusema tatizo ni vijana. Vijana hawana shukrani, wamelishwa maneno na simu zao, hawajui nchi ilikotoka. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa fulana, spika na pilau. Nikamuuliza fulana ngapi. Akasema, "Za wanachama wote, mwanangu. Daftari lipo."

Daftari lilikuwepo kweli. Lilikuwa kaunta buku la kurasa nyingi, jalada jekundu lililoshonwa kwa uzi wa gunia baada ya gundi kuachia. Katibu wa kata, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alilishika kama mtu anavyoshika msahafu. Kila jina lilikuwa na namba ya kadi, jina la balozi wa shina, na alama za vema za kalamu ya bluu kuonyesha ada imelipwa. Kulingana na daftari lile chama hakikuwa na shida yoyote. Wanachama walikuwa wengi kuliko kura zote zilizopigwa kwenye kata uchaguzi uliopita.

Nikamwomba Mwalimu tulipeleke mtaani.

### Jumamosi tatu za daftari

Tulitembea shina kwa shina, Mwalimu mbele, mimi nyuma, balozi katikati. Katika kila majina 10, manne hatukuyaona. Baadhi walikufa. Wengi walihama, kodi iliisha, wakaenda Mbagala, Chanika, Goba, kokote chumba kilikopatikana. Kuna mzee mmoja aliyezikwa mwaka 2009, na mbele ya jina lake ada ilikuwa imelipwa mpaka 2012. Mwalimu alisimama barabarani, akavua miwani, akamtazama balozi. Balozi akatazama chini. Baadaye tulielewa: mwaka 2012 ulikuwa wa uchaguzi wa ndani ya chama, na kuna mtu alilipia ada za wapiga kura wake, walio hai na wasio hai.

Hili la kuhama lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa uchaguzi wa mtaa watu huandikishwa upya, pale wanapokaa, wiki chache kabla ya kura. Mpangaji aliyehamia mwezi Julai anapiga kura Desemba. Aliyehama hapigi. Chama kilikuwa kikiwahesabu walioondoka na kuwapuuza waliofika.

### Uamuzi wa kwanza: kusikiliza badala ya mkutano wa hadhara

Mwenyekiti alitaka mkutano wa kuzindua mwezi Mei. Mwalimu akapinga, na sababu yake ilikuwa nyepesi: mkutano huita watu wetu wale wale, tukapigiana makofi, tukarudi nyumbani tumeridhika. Alipendekeza wajumbe waende vijiweni wawili wawili, kwenye kahawa, saluni, vituo vya bodaboda, kwa mama lishe. Sheria zikawa mbili. Hakuna kuuza kadi. Hakuna kuitetea serikali.

Ya pili ndiyo iliyowatesa. Mjumbe mmoja alirudi jioni ya kwanza amekasirika: "Wanatutukana, na mimi nimekatazwa kujibu!" Kituo cha bodaboda kilikuwa na hasira ya kuzuiwa kuingia katikati ya jiji mwaka ule, na hakuna jibu la kata lililoweza kuwatuliza. Lakini baada ya matusi kwisha, mazungumzo yaliteremka. Mwalimu aliandika kila kitu kwenye daftari jipya. Nililisoma. Nilitarajia ajira, bei ya sukari, ufisadi wa wakubwa, na vilikuwemo. Lakini yaliyojirudia ukurasa baada ya ukurasa ni mawili: kodi ya mwaka, na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Kwa asiyejua maisha ya mjini: barua ya utambulisho ya mtaa ilitakiwa kila mahali. Kumdhamini ndugu polisi, kufungua akaunti, kuomba mkopo, kushughulikia mirathi. Katika mitaa mitatu kati ya mitano barua hiyo ilikuwa na bei. Elfu mbili ukienda mchana, elfu tano ukimwamsha mwenyekiti usiku kwa sababu mtoto wako yuko mahabusu. Risiti hakuna. Mhuri ulikaa kwenye kabati la vyombo, sebuleni kwake.

Mama Lishe, mjumbe pekee wa kamati aliyekuwa mpangaji na mwanamke kwa pamoja, aliliweka hivi kikaoni: "Huyu mtu ndiye chama ninachokiona. Rais simwoni. Waziri simwoni. Namwona yeye, na ananidai elfu mbili."

### Uamuzi wa pili: kushika yale yaliyo mkononi

Hapa nilisisitiza jambo moja, na bado nalisimamia. Chama kilichoko madarakani kikiulizwa shida za watu hukimbilia kuahidi kwa niaba ya wizara: barabara itakuja, maji yatakuja, mradi uko mbioni. Watu wa kata ile walikuwa wameshasikia "mbioni" kwa miaka 20. Tukakubaliana kuchagua mambo ambayo wajumbe wenyewe wangeweza kuyamaliza bila kumpigia mtu simu.

La kwanza, barua bure. Wenyeviti watatu wa mitaa waliitwa. Wawili walikubali baada ya kununa. Wa tatu, wa Mtaa C, alisema hana mshahara, ana posho isiyofika kwa wakati, karatasi na wino ananunua mwenyewe. Alisema kweli. Kamati ikaamua ichange pesa ya karatasi kutoka mfuko wa kata, na bango la "Barua ni bure" libandikwe mlangoni kwa kila mwenyekiti, likiwa na namba ya simu ya Mwalimu.

La pili, kusoma mapato na matumizi ya mtaa hadharani. Hilo sheria inalitaka tayari. Walikuwa wameacha tu. Lilipita bila ubishi, na kusema kweli lilitekelezwa mitaa miwili tu.

La tatu lilikuwa kodi.

Kikao cha kodi kilianza saa kumi jioni na kumalizika taa zimewashwa. Pendekezo la Mama Lishe lilikuwa dogo: wajumbe wa kamati wenye nyumba waanze wao kupokea kodi ya miezi 3. Hakusema wapunguze bei. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ilikuwa imeshafutwa na hakuna aliyefikiria kuirudisha kutoka kwenye ofisi ya kata. Ni kubadilisha mkupuo tu.

Mwenyekiti alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, mimi sina pensheni. Kodi ya mwaka ya vyumba vinne ndiyo niliyomsomeshea mtoto chuo. Ukinipa ya miezi mitatu mitatu nitaila." Nilimwelewa. Watu wa mikutano ya mahotelini huwachora wenye nyumba wa uswahilini kama mabepari wa katuni. Wengi wao ni wazee wenye tofali na bati kwa sababu hapakuwa na benki iliyowataka. Lakini Mwalimu alikuwa amekaa na nakala ya Azimio kwenye mkoba, kwa sababu ni mtu wa namna hiyo, na alilisoma lile sharti la nyumba ya kupangisha polepole, kama anavyosomea darasa. Hakuongeza neno. Mjumbe mmoja aliinuka akatoka, akarudi baada ya kuvuta sigara.

Wanne kati ya wenye nyumba 8 walikubali. Mwenyekiti alikubali kwa vyumba viwili kati ya vinne. Mtu anaweza kucheka. Mimi niliona mzee wa miaka sabini akikata pesa yake mwenyewe kwa ajili ya chama chake, na sijaona hilo mara nyingi. Majina ya waliokubali yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa, na ndani ya miezi miwili wenye nyumba wengine sita, wasio wajumbe, walifuata. Sehemu ya sababu ni biashara: chumba cha miezi 3 kilipata mpangaji siku ile ile.

### Kura za maoni

Mwezi Novemba ilipofika zamu ya kuteua wagombea, kazi ya miezi saba iliwekwa mezani kukatwa.

Mtaa A, Mama Lishe alimshinda mwenyekiti aliyekuwepo kwenye kura za maoni, na jina lake likapita. Aliyeshindwa alikubali, kwa shingo upande, baada ya Mwenyekiti wa kata kwenda kwake mara mbili usiku.

Mtaa C, yule wa karatasi na wino, alishindwa vibaya na Dereva, kijana wa bodaboda aliyekuwa ameongoza kusikiliza vijiweni. Dereva alikuwa mwanachama wa miezi 6 tu. Alikuwa na mdomo. Lakini karibu kila kijana wa kituo chake alikuwa amechukua kadi kwa ajili yake, na safari hii kadi zilikuwa za watu wanaoonekana. Kikao cha uteuzi kililikata jina lake. Sababu iliyosomwa ni "uzoefu na maslahi mapana ya chama". Sababu iliyosemwa pembeni ni kwamba aliyeshindwa alikuwa na watu wilayani, na kwamba kijana asiye na nyumba anaweza kuhama kesho.

Mwenyekiti alijua kuwa si sawa. Nilimuuliza kwa nini hakugomea. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, kura yangu niliitumia kumpitisha Mama. Nilikuwa na moja."

Wote walihofu Dereva atahamia upinzani, kama walivyofanya wengi mwaka ule waliokatwa majina. Hakuhama. Chama kikashukuru na kumtangaza kama mfano wa nidhamu. Ukweli ni kwamba alirudi kituoni, akakaa juu ya pikipiki yake, na hakusema tena neno la siasa. Kituo kizima kikanyamaza naye.

### Wiki mbili za mwisho

Mwishoni mwa Novemba Bunge lilijadili ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, kashfa ya zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti hiyo kwa njia iliyotiliwa shaka. Redio za vijiwe vyote zilikuwa Dodoma. Mabango ya "Barua ni bure" yalikuwa bado mlangoni, lakini nani aongelee barua?

Wajumbe walisubiri maelekezo ya nini cha kusema. Hayakuja. Yalipokuja yalisema wasiongelee. Mwalimu hakuweza. Kwenye mkutano wa Mtaa A aliulizwa na mpangaji mmoja, akajibu kwamba na yeye anasubiri pensheni yake ifike kamili, kwa hiyo pesa ya umma ikipotea inamuuma kama inavyomuuma muulizaji, na kwamba waliohusika wawajibike hata wakiwa wa chama chake. Watu walinyamaza, kisha wakapiga makofi. Siku tatu baadaye alipewa onyo la maandishi. Aliikunja ile barua akaiweka kwenye mkoba, pamoja na Azimio.

## Matokeo

Desemba 14, chama kilibaki na mitaa mitatu kati ya mitano. Mtaa A kilishinda wazi, tena kwa kura nyingi kuliko mwaka 2009. Mtaa B na D kilishinda kwa kubanwa. Mtaa E kilipoteza kwa kura chache. Mtaa C kilipoteza vibaya, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache kuliko kwingine kote kwenye kata.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2015, chama kilipoteza udiwani wa kata. Dar es Salaam nzima ilienda hivyo: katika majimbo 10 ya mkoa upinzani ulichukua 6, na Machi 2016 ukapata meya wa jiji. Kitaifa chama kilishinda urais kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97, kikiwa na mgombea ambaye hakutarajiwa na kambi kubwa za ndani.

## Uchambuzi

Kuna watakaosema, basi mlishindwa. Mitaa miwili ilipotea, na diwani pia. Mimi nakitazama kisa hiki mtaa kwa mtaa, kwa sababu kata ile ilitupa jambo ambalo watafiti hulitamani: mitaa jirani, watu wale wale, upepo wa kitaifa ule ule, na tofauti chache zinazoonekana kwa macho.

Mtaa A na Mtaa C ilikuwa na bango moja la barua. Yote miwili ilikuwa na wenye nyumba waliokubali miezi 3. Tofauti kubwa ni kwamba kwa A aliyeyasimamia ndiye aliyewekwa kwenye karatasi ya kura, na kwa C aliyeyapinga ndiye aliyerudishwa. Mpiga kura wa C alionyeshwa mabadiliko miezi saba, kisha akaletewa mtu yule yule wa mhuri kabatini. Afadhali wasingeanza kabisa. Mtaa E, ambako karibu hakuna kilichofanyika, ulipotea kwa kura chache; C, ambako kilifanyika na kusalitiwa, ulipotea kwa nyingi.

Naweka tahadhari hapa. Mama Lishe alikuwa na ndugu na mashemeji nusu ya mtaa, na wali wake ulikuwa mzuri. Isitoshe, kwa A vyama viwili vya UKAWA vilishindwa kuachiana, vikasimamisha wawili. Kura zao ukizijumlisha bado Mama anashinda, lakini si kwa kishindo. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba barua ya bure ilimpa mtaa. Ninachoweza kusema ni kwamba ilimpa kitu cha kuzungumza ambacho mpinzani wake hakuweza kukiita ahadi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa la kata. Lilikuwa la kudhani kujisahihisha ni kazi ya ngazi ya chini pekee. Simu ile ya Machi ilisema "kawasaidie". Hakuna aliyesema wilaya nayo itabadilisha namna yake ya kuteua. Wajumbe wa shina walitembea juani Jumamosi tatu kusafisha daftari, kisha kikao kilichokaa nusu siku kwenye feni kikaamua kura za watu wa daftari hilo hazina uzito. Ukitaka kumfundisha mwanachama kwamba kadi yake ni karatasi, hakuna somo zuri kuliko hilo. Na adhabu yake haiji kwa kelele. Chama kilijiandaa kwa mtu atakayehama. Hakikujiandaa kwa mtu atakayekaa kimya.

Vyama vya namna hii vikishikwa na hofu ya uchaguzi hupenda kubadilisha kichwa. Labour ya Uingereza ilimbadilisha Tony Blair kwa Gordon Brown mwezi Juni 2007, na Mei 2010 ikaondoka madarakani baada ya miaka 13. Labor ya Australia ilimtoa Kevin Rudd 2010, ikamweka Julia Gillard, ikamrudisha Rudd Juni 2013, na Septemba ikashindwa. Mwaka 2015 hapa kwetu unaonekana kupinga somo hilo, maana kichwa kipya kilishinda. Lakini kilishinda nchi huku kikipoteza jiji, na jijini ndiko chama kilikuwa karibu zaidi na mtu, mlango kwa mlango, mhuri kwa mhuri. Afrika Kusini nayo: ANC ilimwondoa Zuma 2018, na mwaka 2024 ikashuka mpaka asilimia 40 hivi, mara ya kwanza chini ya nusu kwenye uchaguzi wa kitaifa tangu 1994. Kichwa kilibadilishwa, lakini watu waliendelea kuuliza umeme, maji na ajira.

Suala la Escrow ni gumu zaidi, na sina jibu safi. Chama kilichoko madarakani kina mdomo mmoja na serikali yake. Ukimruhusu kila katibu wa kata aseme lake, unavunja nidhamu. Ukiwafunga wote midomo, unawaacha vijiweni kama sanamu. Mwalimu alipita katikati: hakumtaja mtu, hakuishutumu serikali, alisema tu yuko upande gani wa pesa. Makofi aliyopata yalitoka kwa watu waliokuja kumzomea. Aliyeandika lile onyo hakuwepo pale, hakuyasikia makofi, na nadhani angeyasikia angeandika onyo kali zaidi.

Kuhusu kodi, wanafunzi wangu wengi huiona kama tukio dogo la kuchekesha. Kwangu ndiyo kiini. Chama cha mrengo wa kushoto kinapokaa sana madarakani hakigeuki kuwa cha kulia kwa azimio. Kinageuka kwa watu kujenga, chumba kwa chumba, mpaka siku moja kamati inayosema kwa niaba ya wapangaji haina mpangaji ila mmoja. Hakuna aliyekula njama. Na ndiyo maana daftari la malalamiko lilipofunguliwa, kodi ilikuwa juu kabisa, na kabla ya hapo haikuwahi kuingia kwenye ajenda hata siku moja. Kilichowezekana ni kidogo, miezi 3 badala ya 12, lakini kilikuwa kitu cha kwanza baada ya miaka mingi ambacho kiongozi alikitoa mfukoni mwake, si kwenye mfuko wa mradi.

Fulana, kwa taarifa, zililetwa. Zilifika Desemba 10, nyingi zikiwa za saizi moja ndogo.

## Baada ya hapo

Mwalimu aliacha ukatibu 2017, kwa sababu ya macho. Daftari alilikabidhi likiwa safi. Aliyepokea alianza jipya. Dereva alihama kata kodi ilipoisha, kama walivyotabiri, ila alihama 2018.

Novemba 2019 uchaguzi wa mitaa ulirudi. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikatangaza kujitoa, na mahali pengi wa chama tawala walipita bila kupingwa. Mama Lishe alikuwa mmoja wao. Nilimpitia wiki ile kumpongeza. Alikuwa anakaanga samaki, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza kampeni ilikuwaje. Akasema hakufanya, afanye ya nini, hakuna aliyekuja kumuuliza chochote.

Bango lake la barua lilikuwa bado mlangoni, limepigwa jua mpaka herufi za mwanzo hazisomeki. Mtaa wa pili, aliniambia, elfu mbili imerudi. Siku hizi inaitwa ya karatasi.